Mkono Nyuma ya Pazia

Asubuhi moja ya Jumatatu, Ridhwan Mcha alikuwa amejibanza kwenye kibaraza kinachotazamana na lango la hospitali. Hakuwa anaumwa. Alikuwa akimkwepa Mtaliana mmoja aliyekuwa akimsaka mji mzima kwa habari ya mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa nakshi, wa mbao ya mfenesi, kazi ya mikono iliyotulia, na Ridhwan alikuwa amewauzia watalii watatu kwa siku tatu mfululizo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: nyuma ya mlango ule kulikuwa na nyumba ya watu, na watu wenyewe walikuwamo ndani wanapika.

Kutoka pale alipojificha akaiona foleni. Ilianzia langoni, ikapinda kona, ikapotelea uchochoroni. Ridhwan hakuwahi kuona foleni akapita bila kuuliza, maana aliamini kwamba penye watu wengi wanaosubiri, pana pengo la mtu mmoja wa kuwapunguzia subira.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia bwana mmoja mnene aliyekuwa karibu. "Panagaiwa nini hapa?"

"Marahaba. Hapagaiwi kitu, mwanangu. Tunamngoja daktari wa ngozi, Daktari Wanu. Yupo Jumatatu tu. Nimesali alfajiri nikaja moja kwa moja, na bado nimepata namba ya thalathini na nane."

"Unaumwa nini, Mungu akuafu?"

Mzee alishusha sauti. "Choa. Mgongoni."

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Sasa?"

"Mke wangu kanambia kitandani nisirudi mpaka kitoke."

Ridhwan akampa pole ya dhati, kisha akarudi kibarazani kufikiri, na tumheshimu mtu anapofikiri. Mwenye maradhi ya ini, alijiambia, huenda harusini akala pilau na hakuna anayejua. Mwenye baka shavuni hujifungia ndani. Kumbe ngozi ndiyo maradhi ambayo watu huyalipia kwa sababu ya macho ya watu wengine! Na kulikuwa na jambo jengine lililomfurahisha zaidi: hakuna aliyekufa kwa choa. Daktari wa ngozi haletewi maiti akaulizwa maswali.

Dawa, mbona anazo? Chini ya kitanda chake kulikuwa na makopo arubaini ya mkorogo, yaliyobaki kutoka mwaka uliopita alipokuwa akiyauza Darajani kwa jina la Krimu ya Malkia. Ndani yake mlikuwa na krimu tatu zisizo na lebo, dawa ya kulainishia nywele, na kitu cha tano alichokinunua kwa mtu wa dobi. Msichana mmoja aitwaye Ulfat alijipaka kopo moja. Wiki mbili aling'ara. Ya tatu uso ulimwaka, ukachubuka, na tangu hapo akitoka juani huona kama kamwagiwa chai ya moto. Ridhwan habari hiyo hakuijua, kwa kuwa alikuwa na desturi nzuri ya kutorudi alikouza.

Siku nne baadaye Mji Mkongwe ulipata kliniki mpya. Ilikuwa ghorofani, mtaa wa Kiponda, chumba kimoja chenye feni na picha kubwa ya mwanamke anayecheka bila sababu. Koti jeupe Ridhwan alilishonesha Mchangani. Kioo cha kukagulia ngozi alikinunua kwa sonara aliyestaafu, kile kidogo cha kubana jichoni ambacho masonara hutazamia muhuri wa dhahabu. Akipanda ngazi kwa koti lile, na uso wake ule laini usiowahi kuota hata chunusi, ungemkabidhi mwanao.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana anayefanya kazi hotelini Kendwa, amejaa harara shingoni kwa sababu ya kola ya sare. Alipewa kopo. Wa pili, upele: kopo. Mwenye chunusi, kopo. Dawa moja kwa maradhi yote, alieleza Ridhwan, ndiyo maendeleo ya sayansi yenyewe.

Wiki ya pili akaingia Bi Amne.

Bi Amne alikuwa mama wa bi harusi, na mama wa bi harusi si mtu wa kawaida. Kwa wiki tatu kabla ya harusi hali, halali, hasikilizi. Alikaa kwenye kiti, akajipepea kwa ncha ya buibui.

"Daktari, mwanangu Yusra anaolewa mwezi huu. Kaota mabaka mkononi, meupe meupe, na unajua tena watu wanavyosema. Mimi nataka mabaka yatoke, na nataka na weusi utoke. Siku ya kuoneshwa nnataka watu washike midomo."

"Watashika," alisema Ridhwan kwa sauti ya kitabibu. "Mlete nimtazame."

"Nimlete? Mwari hatoki nje, Daktari! Keshawekwa ndani, anasingwa. Na mwanamme hamuoni."

"Hata daktari?"

"Hata daktari. Somo wake hatakubali. Mwisho wa mwisho, atatoa mkono nyuma ya pazia."

Ridhwan ilimbidi akohoe ili asicheke. Mgonjwa asiyeonekana! Ndiyo ndoto ya daktari asiyejua kutazama.

"Bi Amne," alisema, akiweka mkono kifuani, "mimi mila zetu nnaziheshimu sana."

Kesho yake alipanda Vespa yake ya buluu, mali pekee duniani aliyoinunua kwa haki, akaenda Amani, nyumbani kwa Bi Amne. Alikaribishwa ukumbini, akapewa sharubati ya ukwaju. Mlango wa chumba cha mwari ulikuwa umefunikwa kwa pazia zito, na mbele ya pazia alikaa mwanamke mwembamba wa makamo, amejifunga kanga kiunoni, mikono yake ina rangi ya manjano ya liwa. Huyo alikuwa Bi Sichana, somo wa Yusra. Kazi yake ilikuwa kumfunda bi harusi na kumsugua kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa, karafuu na asumini unaomfanya mwari anukie mpaka nyumba ya tatu. Miaka ishirini na tano alikuwa akishika ngozi za watoto wa watu.

"Toa mkono, mwanangu," alisema Bi Sichana.

Mkono ukatoka. Ulikuwa na mabaka kuanzia kiwiko kushuka chini. Ila kwenye kifundo palikuwa na bangili mbili za dhahabu, pana, za kizamani, na Ridhwan alipoziona alisahau kwamba mkono una sehemu nyengine. Akabana kioo jichoni, akainama. Muhuri upo. Akageuza bangili. Muhuri upo na hapa. Dhahabu safi, ya enzi ambazo watu walikuwa hawaibiani.

"Mmh," alisema. "Hali ni mbaya, lakini nimewahi."

"Daktari," alisema Bi Sichana, "hujauliza yameanza lini."

"Ngozi hunieleza yenyewe, bibi."

"Wala hujamgusa."

"Nilisoma chuo ambacho hatugusi."

Bi Amne aliingilia kati kwa haraka, asije daktari akaudhika. Akaahidi: mabaka yakitoka na weusi ukipungua, bangili moja ni ya daktari. Ridhwan akakataa mara moja, kwa adabu, kisha akakubali kabla hajaulizwa mara ya pili. Akatoa kopo.

Bi Sichana alilifungua. Akalileta puani. Akalifunga.

Harufu ile aliijua. Miezi kumi na moja alikuwa akiinusa kwenye mto wa mwanawe wa kumzaa, na mwanawe alikuwa yule Ulfat wa Darajani. Alitamani kulirusha kopo lile likamkute Ridhwan baina ya macho. Hakurusha. Alijua kwamba mtu wa aina ile ukimpigia kelele Amani, wiki ijayo atafungua kliniki Kiwengwa, na wanawake wa kule wanaolima mwani, ngozi zao zishaliwa na chumvi, watakuwa ndio wateja. Na humu ndani palikuwa na uso wa Yusra, mzima bado, na mama aliyekuwa tayari kuupaka chochote.

"Njoo baada ya siku saba, Daktari," alisema kwa upole. "Tutakuonesha."

Siku ya saba Ridhwan alirudi, lakini Vespa aliiegesha imeelekea barabarani na ufunguo akauacha mahali pake. Alikuwa na maelezo matatu tayari: bi harusi ana damu moto, bi harusi amekula pweza, au bi harusi amefanyiwa hasadi. Alikaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka.

"Toa mkono," alisema Bi Sichana.

Mkono ukatoka, na Ridhwan nusura aanguke. Bangili zilikuwa zile zile, hizo angezitambua hata kizani. Lakini mkono! Ulikuwa laini, mweupe wa kadiri, hauna baka hata la dawa. Juu kidogo ya bangili palikuwa na kidoa cheusi cha ukubwa wa punje ya pilipili manga, na Ridhwan alikiona, kisha hakukifikiria tena.

"Imefanya kazi," alisema, kwa mshangao ambao daktari hapaswi kuuonesha.

"Kwani hukutegemea?" aliuliza Bi Sichana.

"Nilitegemea, nilitegemea sana."

Hebu tumwonee huruma kidogo. Maisha yake yote alikuwa akiuza vitu visivyofanya kazi, na leo kimoja kimefanya. Bi Sichana akamsogelea, akanong'ona ili Bi Amne asisikie, ingawa Bi Amne alikuwa nyuma ya pazia, kaukamata mdomo wake kwa mikono miwili asije akacheka.

"Daktari, nna jambo linanikaa rohoni. Dawa yako peke yake sikumpaka. Nilitia vijiko vitatu tu kwenye singo yangu."

"Vijiko vitatu!"

"Vitatu. Singo ya bibi yangu, hii. Hajapata kuijua mtu nje ya ukoo wetu."

Ridhwan akaona mambo yote kwa mara moja, na mambo yenyewe yalikuwa mazuri. Akaiona singo ndani ya vichupa virefu, kwenye maduka ya mahoteli, kutoka Kiwengwa mpaka Kendwa. Akajiona mwenyewe kwenye bango.

"Niuzie."

"Singo haiuzwi. Mwanafunzi hufunzwa, na akihitimu humpa somo wake kilemba." Bi Sichana alisimama kidogo, kama mtu anayeona haya kusema. "Bangili yako hii hapa, ya haki, tumeahidi. Unaweza kuichukua ukaenda zako. Au uache bangili, uchukue mtungi mmoja wa singo iliyokwisha kuchanganywa. Lakini kwa mtungi utaniletea makopo yako yote, maana nayahitaji, na kilemba changu nnakitaka kile kilichoegeshwa pale nje."

Hapa msomaji aelewe kwamba bangili ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya Bi Sichana mwenyewe, kaachiwa na mama yake, akamwazima mwari wake avae, na Bi Amne aliiahidi akijua atailipia; na pale alikuwa ameiweka mkononi mwa tapeli. Ridhwan angeivaa, akapanda Vespa yake, akawa mshindi. Alikitazama kioo chake cha sonara. Alitazama pazia.

"Nipe mtungi," alisema.

Jioni ile alipeleka makopo. Yalitakiwa yote, alipeleka yale yaliyobaki, isipokuwa matatu, aliyoyaacha chini ya kitanda, kwa sababu kumpa mtu vitu vyote alivyoviomba kulikuwa kinyume na maumbile yake. Bi Sichana akampa mtungi. Ridhwan akafungua kifuniko, asumini ikampanda mpaka kichwani.

"Nisikilize vyema," alisema Bi Sichana, na safari hii alimtazama machoni. "Kila kitu kimo. Usiongeze kitu. Na hasa lile la kopo, usilitie kabisa, wala usijipake usoni. Nshakwambia."

"Nimesikia, bibi."

"Narudia, usitie."

"Nimesikia!"

Alichosikia ni hiki: kwamba siri yote imo koponi, na mama huyu hataki aijue. Mwongo ana tabu moja kubwa, akiambiwa kweli huanza kuichunguza upande wa nyuma. Alipofika chumbani, kwa miguu, amelowa jasho, aliyatoa makopo yake matatu na kuyamimina yote mtungini. Kama vijiko vitatu vilifanya vile, alipiga hesabu, makopo matatu yatafanyaje? Akakoroga kwa mwiko.

Kilichobaki kilikuwa mfano hai. Bango linahitaji uso, na uso mzuri kuliko wake hakuujua. Akajipaka asubuhi, akajipaka jioni. Siku ya tatu wanywa kahawa kibarazani walimwambia, "Yakhe, umekuwaje leo? Unang'ara!" Siku ya tano uso ulianza kumwasha. Siku ya tisa alikitazama kioo cha ukutani akafikiri kuna mtu mwengine chumbani.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, Ridhwan Mcha alisimama kwenye foleni, kajitanda kikoi kichwani mpaka machoni. Namba yake ilikuwa ya arubaini na moja. Mbele kidogo alimwona mzee mnene wa choa, amekuja kuonesha kwamba kimetoka.

"Nimerudi kitandani!" mzee alimwambia, bila kumtambua. "Na weye Mungu atakujaalia."

Kisha akasikia mlio wa injini anaoujua, wenye kikohozi kidogo kila gia ikibadilishwa. Vespa ya buluu ikaegeshwa langoni. Akashuka msichana wa buibui, kashika mwavuli, uso kauziba. Akaja moja kwa moja akasimama mbele yake.

"Arubaini ni mimi," alisema, akinyoosha mkono kumwonesha kikaratasi.

Ridhwan aliziona bangili. Safari hii macho yake, kwa vile yalikuwa yakiuma na hayana tamaa, yaliendelea mbele. Akauona mkono, na juu ya bangili akakiona kidoa cha punje ya pilipili manga.

"Weye si Yusra," alisema polepole.

"Yusra yuko ndani anasingwa. Mama yangu Bi Sichana alimleta hapa Jumatatu ya mwanzo baada ya weye kuleta kopo, kamfunika gubigubi. Daktari akamkwangua kidogo mkononi, akatazama kwenye hadubini, akasema ni utangotango, fangasi tu wa ngozi. Mabaka yanatoka taratibu. Bi Amne kaambiwa mwanawe ni mzuri kama alivyo, na kaapa kulikubali neno hilo." Akainua kitambaa cha uso kidogo tu. Shavu lilikuwa jekundu, lenye ngozi nyembamba, linaanza kupona pembezoni. "Mimi ni Ulfat. Uliniuzia Darajani. Hunikumbuki?"

Ridhwan alitaka kusema anamkumbuka, na kwa mara ya kwanza aliona aibu ya kusema uongo mdogo. "Sikukumbuki," alijibu. "Na makopo?"

"Daktari kayachukua yote. Katuambia hata chooni yasimwagwe. Kwenye mtungi mlikuwa na singo tupu, ya kunukia. Umefanya nini na uso wako? Mama si alikwambia usiongeze?"

"Aliniambia."

"Mara mbili!"

"Mara mbili," alikiri Ridhwan.

Daktari Wanu alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ya chini. Kioo cha sonara hakuwa nacho. Alinawa mikono, akamkalisha Ridhwan karibu na dirisha penye mwanga, akamwondoa kikoi, kisha akatazama. Alitazama paji, masikio, nyuma ya masikio, shingo, kucha. Akagusa, akabonyeza, akaachia. Ridhwan hakupata kumwona mtu akimtazama mwenziwe muda wote ule bila kutafuta kitu cha kuchukua.

"Umepaka nini?" aliuliza.

"Sabuni, Daktari. Sabuni ya hoteli."

Daktari hakuandika. Aliiweka kalamu. "Bwana, nikitibu sabuni na kumbe si sabuni, uso huu haurudi. Nakuuliza mara ya pili."

Uso ule ndio uliokuwa duka lake. Kwa uso ule watu watatu walinunua mlango wenye wenyewe. Ridhwan alifumba macho, akaanza kutaja: krimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, dawa ya nywele, na kile cha mtu wa dobi. Kalamu ilikuwa inakwenda.

"Nani kakuuzia?"

Nje, Ulfat alikuwa akiiwasha Vespa. Ilikohoa, ikashika.

"Mimi," alisema. "Muuzaji ni mimi."

Daktari Wanu alimtazama kwa muda, safari hii si ngozi. Akampa dawa ya kutuliza, akamkataza jua kwa miezi mingi na kila kitu cha kupaka asichopewa naye. Kisha akampa karatasi tupu aandike majina ya wote aliowauzia, kuanzia kijana wa Kendwa, na kila Jumatatu akae pale kibarazani kivulini, awaoneshe wenye makopo mikobani mwao faida yake. Mfano hai alioutaka akawa ndiye yeye.

Jumatatu ya tatu, akiwa pale kivulini, uso unamenyeka vipande vipande, aliviona viatu vikubwa vya Kizungu vikisimama mbele yake. Alipoinua macho, alikuwa Mtaliana wa mlango. Hakukuwa na pa kukimbilia, wala Vespa ya kukimbilia.

Mtaliana alimtazama vizuri, akasikitika, akatikisa kichwa.

"Pole sana, bwana," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Mimi natafuta mtu. Ridhwan. Kijana, ngozi nzuri sana, nzuri kabisa. Wewe umemwona?"

Kulikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa mazuri.

"Huyo hayupo tena," alisema, na Mtaliana alipomwekea sarafu mkononi kwa huruma akaenda zake, Ridhwan alibaki kaishika, akashindwa kujua kama hapo amedanganya au amesema kweli.